Mbu wa uani kwetu Tabata: shajara ya mradi, kuanzia kiangazi cha Januari

Januari, katikati ya mwezi

Naanza kuandika leo kwa sababu nataka kila nitakachofanya kiwe kimeandikwa, nikija kuulizwa kipi kimesaidia na kipi hakijasaidia nisiwe najibu kwa kuhisi. Mradi wenyewe ni kupunguza mbu kwenye kiwanja cha mama hapa Tabata, Dar. Kuna nyumba kubwa mbele, vyumba vya wapangaji uani, choo cha shimo cha wapangaji kwenye kona, karo la nyumba kubwa upande wa geti, alafu kwa nyuma kabisa ardhi inashuka kuelekea bonde la Msimbazi ambako watu wanalima mchicha na matembele. Watoto wadogo wapo wa kutosha, wajukuu wa mama na watoto wa wapangaji, na hao ndio sababu kubwa ya mimi kuhangaika.

Sasa hivi ni kiangazi, mvua hamna, nyasi zimekauka, na mbu ndio kwanza wanatumaliza. Kila mtu hapa mtaani anasema mbu wanatoka kwenye majani, fyeka majani wataisha, na majani yameshafyekwa yote mpaka uzio unaonekana mtupu na mbu wako palepale. Kiukweli mbu mchana anajificha kwenye majani, hilo sawa, ila hazaliwi humo, anazaliwa kwenye maji, yai mpaka mbu kamili anayeruka kwa joto hili la Dar ni kama wiki moja mpaka siku kumi hivi, na muda wote huo anaishi majini. Kwahiyo kama kiangazi chote hiki mbu wapo basi kuna maji mahali na hayo maji hayako mbali. Ndio naanza kuyatafuta.

Vifaa nilivyoandaa: kikombe cheupe cha plastiki nimekifunga kwenye fimbo ndefu, tochi, daftari. Kikombe lazima kiwe cheupe maana viluwiluwi, yaani watoto wa mbu wanaoishi majini, ni weusi weusi, kwenye chombo cha rangi huwaoni.

Januari, mwishoni

Nimezunguka kiwanja kizima na kikombe changu. Mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa anafua akaniuliza, "Dada vipi, umepoteza kitu?" nikamwambia natafuta watoto wa mbu, akaacha kufua akaja tukazunguka wote, na ikasaidia sana kwa sababu vyombo vya uani yeye anavijua kuliko mimi.

Tulivyokuta. Mapipa ya maji ya wapangaji, mengine yana mfuniko mzuri ila moja limefunikwa kipande cha mbao kisichotosha na ndani viluwiluwi wamejaa. Maji ya bomba hayatoki kila siku kwahiyo kila chumba kina pipa na madumu, huwezi kumwambia mtu asiweke maji. Diaba la zamani nyuma ya choo. Tairi lililopandwa maua, ndani limebaki maji meusi yenye majani yaliyooza. Visahani vya chini ya vyungu vya maua ya mama, karibu vyote. Na moja ambayo hakuna aliyeitegemea, ile trei ya nyuma ya friji, maji ya barafu ikiyeyuka yanashukia pale, pana uvuguvugu wa mota, pana giza, na viluwiluwi walikuwemo wazima, yaani ndani ya nyumba kabisa, ukuta mmoja na wanapolala watoto. Mama alivyoona alishika kichwa.

Hawa wa kwenye vyombo visafi ni wa yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, aedesi. Anauma mchana, asubuhi na jioni kabla jua halijazama, ndio huyo anayeleta homa ya dengi. Watu wa Dar tunaijua vizuri, 2014 ilitupiga, 2019 ikarudi ikaleta wagonjwa kwa maelfu. Chandarua cha usiku hakikusaidii sana kwa huyu maana anakuuma umekaa kibarazani unachambua mchele.

Lakini anayetupigia kelele usiku masikioni sio huyo, ni mbu wa aina nyingine, kuleksi, na kuleksi anapenda maji machafu, na kwenye maji machafu ya juu juu sikumkuta wa kutosha kueleza wingi ule. Kwahiyo bado kuna maji sijayaona.

Februari, mwanzoni

Nimeyapata!!

Nilikuwa nawaza juu ya karo na choo cha shimo. Mifuniko ya zege ni mizito huwezi kuinua kila siku, ila kuna njia rahisi. Jioni kabla giza halijaingia nilipanda ngazi nikafunga kipande cha chandarua cha zamani mdomoni mwa bomba la hewa la choo cha shimo, nikakikaza na mpira, na kingine kwenye bomba la hewa la karo, alafu nikaacha mpaka asubuhi. Mbu wakizaliwa kule ndani wanafuata mwanga na hewa, wanapanda bomba, wanakwama kwenye wavu.

Asubuhi kile cha choo cha shimo kilikuwa kimejaa mbu kiasi kwamba kitambaa kimebadilika rangi. Cha karo nacho wengi, ila wachache kuliko choo. Niliwaita wapangaji wote waje waone kabla sijawaua kwa maji ya moto. Hakuna aliyesema neno kuhusu majani tena. Mama akasema, "Mwanangu, kumbe sisi tunawafuga wenyewe."

Hapa niseme kwanini nalichukulia hili kwa uzito wakati watu wanasema kuleksi ni wa kelele tu, hana malaria. Malaria hana kweli. Lakini huku pwani ndiye anayeeneza matende na mabusha, vidudu vinaingia mwilini kidogo kidogo kwa kuumwa miaka na miaka, mguu unakuja kuvimba mtu akiwa mtu mzima na hapo haurudi tena ulivyokuwa. Kila mtu aliyekulia pwani anamjua mzee mmoja mwenye mguu ule. Sitaki mtoto wa hapa nyumbani awe ndiye huyo mzee.

Februari, katikati: karo na choo

Nimeanza na karo kwa sababu ndilo rahisi. Fundi alikuja akaziba nyufa zote pembeni ya mfuniko kwa saruji na mchanga, pamoja na zile chemba mbili zilizokuwa zimevunjika kona. Ufa wa upana wa penseli unamtosha mbu kuingia kutaga na watoto wake kutokea hapohapo, kwahiyo nilisimama naye mpaka mwisho na tochi. Kwenye bomba la hewa tumefunga wavu, na hapa wengi wanaweka wavu wa chuma, ila gesi ya karo inakula chuma, baada ya muda unakatika na huku chini hujui. Tumeweka ule wa faibaglasi, tukaufunga na waya wa shaba.

Choo cha shimo ndio kimenichukulia muda. Huku kwetu maji ya ardhini yapo karibu kwa sababu ya bonde, kwahiyo shimo halikauki, chini ni maji muda wote, na kuleksi hahitaji zaidi ya hapo. Mlango unafunguliwa siku nzima, tundu liko wazi, huwezi kuziba kama karo.

Dawa yake nimeitoa Makunduchi, Unguja. Miaka ya mwisho ya 1980 watafiti walimwaga kwenye vyoo vya shimo vyenye maji punje ndogondogo za staifomu, zile nyeupe nyepesi, zikaelea zikafunika maji yote, huku watu wakipewa dawa za matende kwa wakati mmoja. Kuumwa na mbu kukashuka vibaya sana na maambukizi yakashuka nayo, na zile punje zikabaki zinafanya kazi miaka. Inavyofanya kazi haina sumu yoyote: kiluwiluwi wa kuleksi anapumua kwa kutoa kimrija chake juu ya maji, akikuta tabaka la punje hapati hewa, anakufa, na mbu mama akija kutaga hapati uso wa maji wa kuwekea mayai yake. Kinyesi kikianguka kinapenya, punje zinarudi zinajifunga zenyewe. Maji yakipanda zinapanda nayo.

Punje nimepata kwa watu wanaotengeneza yale mito makubwa ya kukalia chini, wanazo kwa magunia. Nimemwaga mpaka tabaka likawa zaidi kidogo ya sentimita moja kwa kumulika na tochi. Kabla ya hapo niliwakalisha wapangaji nikawaeleza, maana hofu yao ilikuwa choo kitajaa haraka, na ni haki yao kuuliza, choo ni chao. Baba mmoja mtu mzima akaniuliza, "Sasa binti, siku gari la majitaka likija kunyonya?" Swali zuri. Likinyonya litaondoka na punje, inabidi kumwaga nyingine, kwahiyo nimenunua gunia la akiba lipo stoo. Na ndio sababu hiyohiyo karo sikulimwagia, lile linanyonywa mara kwa mara na kuziba kumetosha.

Februari, mwisho

Nimerudia kile kipimo cha chandarua mdomoni mwa bomba la choo. Wachache wa kuhesabika kwa macho. Wa karo sikuhitaji kufunga tena, wavu wenyewe unaonyesha, kwa ndani mbu waliokufa, kwa nje hakuna kitu. Usiku umebadilika, wapangaji wenyewe wanasema bila kuulizwa, na koili za kuchoma dukani kwa jirani zimepungua kununuliwa na watu wa kwetu, mwenye duka ndio kaniambia.

Huku uani nako kazi imeanza. Sheria tuliyokubaliana: kila Jumamosi asubuhi vyombo vyote vya maji vinamwagwa, vinasuguliwa na brashi, vinajazwa upya au vinageuzwa. Kusugua sio mbwembwe. Aedesi hatagi juu ya maji, anabandika mayai pembeni ya chombo juu kidogo ya usawa wa maji, na yale mayai yakikauka hayafi, yanaweza kukaa makavu miezi mingi yanasubiri maji yafike. Kwahiyo ukimwaga maji tu bila kusugua umewapa likizo, ukijaza wanaanguliwa.

Na kwanini kila wiki. Sisi tuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima unatoka, mitaro inazibuliwa, ni jambo zuri na naliheshimu. Ila mbu anahitaji wiki moja tu, kati ya usafi mmoja na mwingine anazaa vizazi hata vitatu. Usafi wa mwezi unafaa kwa taka, kwa mbu ni lazima wiki. Nimemwambia mjumbe wetu hili na amelichukua.

Tairi nimelitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, maji hayakai tena, maua yamebaki. Visahani vya maua nimejaza mchanga. Trei ya friji iko kwenye zamu ya Jumamosi. Tanki letu kubwa la juu, mfuniko ulikuwa umepasuka, nimenunua mpya na bomba la kumwagia ziada nimelifunga wavu mdomoni.

Kwenye hilo la tanki sitaki mtu alegee. Kuna anofelesi (jamii ya mbu wanaoeneza malaria) mgeni anaitwa stefensi, asili yake Asia, alionekana Djibouti 2012, Ethiopia 2016, na mwaka 2023 KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ikatangaza amepatikana Marsabit Kenya. Huyu ni mbu wa malaria lakini anazaliwa kwenye matanki na mapipa ya mjini, ndani ya maji masafi tunayokunywa. Malaria ya Dar tumezoea kuilaumu mabondeni, huyu akifika anaishi juu ya dari lako. Mfuniko wa tanki ni jambo la kufanya kabla hajafika.

Machi, mvua zimeanza

Mvua kubwa ya kwanza imenyesha na ramani yangu yote ya maji imebadilika, nilijua itabadilika kwahiyo siku ya pili asubuhi nilitoka na kikombe tena.

Mapya: turubai lililofunika matofali limetengeneza mabwawa kwenye mikunjo, tumelivuta likakaza na kuliwekea mteremko. Vifuu vya nazi nyuma ya jiko, vimepelekwa kuchomwa. Gata la nyumba kubwa limelala katikati, maji yanabaki na majani ya mwembe yameoza humo, nimeyatoa kwa mkono ila lile gata linataka kuinuliwa na fundi. Migomba nayo inashika maji kwenye makwapa ya majani, nimemulika nikachota kwa bomba la sindano, sikukuta kitu cha maana, nimeiacha.

Lakini kubwa ni kiwanja cha jirani ambacho kimechimbwa msingi alafu ujenzi ukasimama. Mifereji yote ya msingi imejaa maji ya mvua, yamepigwa na jua, yametulia. Nilichota kikombe cha kwanza nikaona ninachokiogopa: viluwiluwi waliolala bapa sambamba na uso wa maji. Kuleksi na aedesi wananing'inia kichwa chini mkia juu kwa sababu ya ule mrija wa kupumulia, anofelesi hana mrija, analala juujuu. Huo ndio utofauti rahisi kuliko wote na mtoto wa darasa la nne anaweza kuujua, nimewafundisha wa hapa nyumbani na sasa wao ndio wananitafutia.

Nikaenda kumtafuta msimamizi wa ile saiti. Nikampa salamu, nikamweleza taratibu, sikwenda kwa ugomvi. Akasema, "Sasa dada, maji ya mvua mimi nitayafanyaje, nikiyatoa kesho yamejaa tena." Ana hoja. Nikamwambia basi tuyawekee dawa, mimi nitaleta, wewe niruhusu tu kuingia.

Machi, mwisho: viuadudu

Dawa niliyotumia ni viuadudu vya kibaiolojia, ile jamii inayotengenezwa kiwandani Kibaha kwa teknolojia ya Kuba, kiwanda kilichofunguliwa 2015. Ni bakteria, mwenye jina refu tunamwita Bti kwa kifupi. Kiluwiluwi anamla pamoja na uchafu mwingine wa majini, ile sumu yake inapasua utumbo wa kiluwiluwi, ndani ya siku moja mbili wamekufa. Samaki, vyura, kuku wakinywa, mimea, hakuna kinachodhurika. Kuna na mwenzake, sferikasi, huyo anavumilia zaidi maji machafu ndio anafaa mitaro na makaro.

Kuna mambo mawili watu wanashindwa kuyaelewa alafu wanasema dawa feki. La kwanza, haiui pupa, wale waliojikunja kama koma wanaoruka ruka majini, kwa sababu pupa hali chochote, anasubiri tu kuwa mbu. Kwahiyo baada ya kuweka bado utaona mbu wachache wanatoka siku mbili tatu. La pili, kwenye maji ya wazi yenye jua nguvu yake inaisha ndani ya wiki, lazima urudie kila wiki, na mvua kubwa ikiosha unarudia. Kipimo kinaandikwa kwenye chupa, fuata hicho hicho, kuongeza hakuongezi siku.

Kuna jirani alinishauri nimwage oili chafu ya gari, ndio walivyokuwa wanafanya zamani. Inaua, sikatai, inawakosesha hewa mpaka pupa. Ila yale maji yanashuka bondeni, na bondeni ndiko unakotoka mchicha tunaokula. Sikukubali na sitakubali.

Aprili

Mvua kila siku. Mjukuu wa pili wa mama kashikwa na homa, na mama akawa ameshatoa dawa ya mseto iliyobaki kwenye kabati. Nikamuomba, "Mama samahani, tukapime kwanza." Tumepima zahanati kwa kipimo cha haraka, malaria hakuna. Mtoto kapona. Naliweka hapa kwa sababu linahusu mradi: homa ya mjini sio malaria kila mara, na kama ni dengi basi ukimpa mtu aspirini au ibuprofeni unaweza kumletea kuvuja damu, mpe paracetamol na maji mengi na umuwahishe wamwangalie.

Mwezi huu nimeshuka bondeni kwa wenye bustani. Kule kuna visima vifupi vya kumwagilia na mifereji kati ya matuta, na kwenye mifereji ile anofelesi wapo. Mzee anayelima karibu na uzio wetu nilimkuta anapalilia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti, karibu."

Nikamweleza. Aliponisikia nataja dawa ya kwenye maji akaacha jembe, akasema mchicha wake ukiungua nani atamlipa. Nikamwonyesha chupa, nikachota maji ya kisima chake kwenye kikombe cheupe, akaona wale wadudu, nikaweka dawa kidogo kwenye ndoo moja tukaiacha na viluwiluwi wake pamoja na mche wa mchicha na perege wadogo wawili aliokuwa nao kisimani. Kesho yake nikarudi, viluwiluwi wamekufa, samaki wanaogelea, mche umesimama. Akasema, "Haya, njoo kila Jumamosi, ila usikanyage matuta yangu."

Mama aliposikia nimefika mpaka bustanini akakumbuka enzi za mradi wa Wajapani, kati ya 1988 na 1996, walivyokuwa wanazibua mitaro Dar na Tanga. Na baadaye kuanzia 2004 jiji lilikuwa na mpango wake wa malaria mijini, ukaja kuwa na watu wa mtaani kwenye kata kumi na tano wanaopita kila wiki kwenye kila dimbwi na Bti. Wazo la mradi wangu sio jipya hata kidogo, ni lilelile kwa uzio mmoja na majirani zake, mtu wa hapohapo anayejua kila shimo na anarudi kila wiki.

Mei na Juni

Masika ndio yanaisha. Saa hizi nimehamia kwenye nyumba yenyewe.

Madirisha ya mbele yalikuwa na wavu siku nyingi ila wavu umetoboka na mbu anajua njia. Tumebadilisha. Kwenye vyumba vya wapangaji tatizo ni juu, pale ukuta unapokutana na bati, uwazi wa mkono mzima pande zote, hakuna silingi bodi. Anofelesi hasa anapita hapo, hewa ya watu waliolala inapanda inatokea pale naye anaifuata. Gambia walifanya jaribio likachapishwa 2009, nyumba zilizowekwa wavu kila mahali na nyumba zilizowekwa wavu kwenye dari tu, zote mbu walipungua sana, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 19 wakati kwenye nyumba zisizowekwa kitu walikuwa 30. Nikamsomea mama hiyo. Mama ndiye mwenye nyumba, hela ni yake, akafikiria siku kadhaa akasema tuanze na chumba chenye mtoto mchanga. Wavu umebanwa kwa vipande vya mbao kuzunguka chini ya bati, hewa inapita, joto halijaongezeka, nilimuuliza mama wa mtoto akasema analala vizuri.

Milango ya uani imewekwa springi ijifunge yenyewe. Saa kumi na mbili jioni ndio saa ya mbu kuingia na ndio saa watoto wanaingia na kutoka.

Dawa za kupuliza sijazipa nafasi kubwa. Mbu wengi nchini wamejenga usugu kwa zile dawa jamii ya pairethroidi, ndio maana vyandarua vipya vingine vinaongezewa PBO, kemikali ya kupunguza nguvu ya huo usugu. Ukipuliza chumbani unaua walioingia leo, wa kesho wako njiani. Kivumbasi na mchaichai mama kapanda, vinanukia na vina kazi nyingine, ila mmea uliosimama tu uani haumfukuzi mbu, nimemwambia na yeye amesema ataacha kwa ajili ya chai.

Vyandarua vyote bado vipo vitandani kila usiku. Hilo halikuwa la kujadili.

Agosti

Hali ilivyo sasa. Kuleksi wa usiku wamepungua kwa namna ambayo mgeni anaigundua, shangazi kaja kutoka Morogoro kalala sebuleni akauliza mbona hapa hamna mbu. Aedesi wa mchana wapo bado, wachache. Nimewafuatilia na nina uhakika wanatoka nyumba ya upande wa pili ambako kuna makopo na matairi nyuma ya banda, huyu mbu harukii mbali, mita mia moja mia mbili hivi, kwahiyo ni majirani wa karibu tu. Mwenye nyumba hiyo hakai hapo, mlinzi wake anasema hana ruhusa ya kugusa vitu. Mjumbe kaahidi kwenda na afisa afya wa kata. Nitamfuata mjumbe wiki hii asisahau.

Msingi wa jirani umejengwa, maji hamna tena. Mzee wa bustani sasa anaweka dawa mwenyewe, mimi namletea tu chupa, na kaniomba nizungumze na wenzake watatu wa chini yake.

Punje za chooni nimemulika jana, tabaka liko vilevile isipokuwa sehemu ya pembeni karibu na ukuta imekonda, nimeongeza kutoka kwenye gunia. Wavu wa bomba la karo uko mzima.

Yaliyobaki kabla ya vuli kuanza Oktoba: gata la nyumba kubwa liinuliwe upande wa mwembe, fundi kasema atakuja baada ya kumaliza kazi ya Kinyerezi. Vyumba vya wapangaji vilivyobaki viwekewe wavu chini ya bati, mama kakubali kimoja kimoja kila kodi ikiingia. Pipa lenye mbao bado lina mbao, mfuniko wa saizi yake haupatikani dukani, nimempa fundi bati vipimo na kasema Alhamisi.

Zamu ya Jumamosi hii ni chumba cha kwanza na mimi.